Bomba Jembamba la Shemeji

Mume wa dada yangu alijua kila kitu, na sijapata kumwona mtu aliyejua vibaya kama yeye. Miaka ile ya hamsini alikuwa akiuza mbao Mbeya. Biashara ilipomnyookea akanunua motokaa kuukuu kwa mlowezi aliyekuwa akihama, na tangu hapo hata kanisa lililokuwa ng'ambo ya barabara alilifuata kwa gari.

Sailensa yake, lile kopo la chini la kupunguza kelele za moshi, ilikuwa imeoza kwa kutu, gari likinguruma kama mashine ya kusaga. Fundi alimshauri anunue nyingine ya aina ileile. Shemeji akaona anataka kuibiwa. Akaleta kipande chembamba cha bomba la maji, akaamuru kichomelewe mahali pa sailensa. Jumapili, baada ya ibada, alituhutubia nje ya kanisa: moshi ukitoka taratibu, na petroli nayo itakwisha taratibu. Wazee wa kanisa waliitikia kwa vichwa kwa heshima. Mimi nilifundisha darasa la kwanza, na hata watoto wangu wasingethubutu kuniletea hoja ya namna ile.

Kelele zilipungua kweli. Lakini moshi ulikosa njia, injini ikakosa pumzi, na gari likanywa petroli kuliko zamani. Shemeji hakulilaumu bomba. Alilaumu abiria. Dada akaambiwa amenenepa.

Mdogo wetu alipoolewa Iringa tulisafiri kwa gari hilo. Kila mlima tulishushwa. Dada alisukuma akiwa na gauni lake la harusini, mumewe akishika usukani na kutuhimiza tusukume kwa pamoja. Debe la petroli ya akiba lilikuwa limekwisha kabla hatujafika Makambako. Akatueleza kwamba petroli ya Mbeya ina maji.

Tulipoanza kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini, bomba likakatika na kuanguka. Gari likanguruma, likaruka mbele kama limefunguliwa kamba. Kwa mara ya kwanza tangu Mbeya tulikuwa tunapanda mlima tumekaa. Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu akaendelea. Shemeji alisimama, akarudi chini kuliokota bomba lake, akalizungushia koti kwa kuwa lilikuwa la moto, kisha akapiga magoti vumbini na waya mkononi.

Dada alishuka garini.

"Baba watoto," akasema, "ukilifunga hilo bomba, mimi nakwenda kwa miguu."

"Nenda," alijibu bila kuinua kichwa. "Gari litapata nafuu."

Dada akavua viatu, akashika njia. Nami nikamfuata. Tulifika kanisani tumejaa vumbi, maharusi wakiwa ndiyo kwanza wanaingia. Shemeji alitokea wakati watu wameshaanza kula, akawaambia wageni kwamba wanawake hawana subira.

Dada nami tulirudi Mbeya kwa basi. Baadaye bomba lilipasuka, na kwa shingo upande akanunua sailensa ya kweli. Petroli ikaanza kumfikisha mbali. Nilipomuuliza sababu, akaniambia, bila haya, ni kwa kuwa mkewe hapandi tena.

Ni kweli alikuwa hapandi. Dada alisafiri kwa basi mpaka gari lile lilipouzwa, na siku lilipoondoka hakutoka hata nje kuliangalia.