Msokoto wa Walburga

"Mvuke wako unaniozeshea tumbaku!"

Ndivyo Mzee Polycarp Mbano alivyoniamkia Jumatano moja ya mwezi wa saba, kichwa kimetokeza juu ya wigo wa matete, mimi nimeinamia pipa la komoni na macho yanatoka machozi kwa moshi.

"Shikamoo kwanza, Baba Remmy," nikamwambia. "Kugombana baadaye."

"Marahaba. Unaniozeshea tumbaku, Mama Careen! Kila ukipika pombe yako mvuke wote unavuka huku. Majani ya upande huu yamelegea kama nepi."

"Na moshi wako unaovuka kuja kwangu? Jumapili nimeingia kanisani nanuka kama samaki wa kukausha. Watu wamenipisha benchi zima."

"Moshi haulowanishi kitu. Nakwenda kwa balozi wa nyumba kumi."

"Nenda. Ila balozi atataka ushahidi, ubebe na hayo majani."

Akashuka kwenye kigoda alichopandia. Maana kufika juu ya wigo wangu ni mpaka apande kigoda, mzee wa miaka sabini na nne, na anakipanda kila wiki. Wiki ya jogoo, wiki ya redio, wiki ya maji ya kufulia. Tangu mkewe Benigna afariki, mwaka juzi wakati wa masika, sijawahi kukaa siku saba bila kesi. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikagundua kwamba siku asiponilalamikia mimi, hazungumzi na mtu. Remmy, mtoto wake wa pekee, yuko Mbeya, anapiga simu mwisho wa mwezi, anauliza afya, anaambiwa nzima, wanaagana.

Nimekaa naye wigo kwa wigo hapa Msamala, Songea, miaka kumi na tisa. Nyuma ya nyumba yake ana kishamba cha tumbaku, mistari minane tu, ile ya kienyeji ya wazee wa ugoro. Akivuna anatunga majani kwenye kamba, anayaning'iniza kwenye kibanda cha kando ya wigo, anawasha moto mdogo wa moshi chini. Kazi hiyo waliifanya wawili. Yeye alikata, akatunga, akachochea. Benigna alisema lini. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo ilikuwa tumbaku yenyewe.

Nilikuwa nawasikia. Mzee anauliza kutoka kibandani, "Sasa?" Mama anajibu kutoka jikoni, wala haji kutazama, "Bado." Siku inapita. "Sasa?" "Bado." Halafu asubuhi moja mama anakuja, anakunja jani moja, anasema, "Sasa." Wanashusha zote, wanasokota, wanafunga kwenye majani makavu ya mgomba na kuweka chunguni zitoe jasho. Wazee walikuwa wanatoka mpaka Mfaranyaki kuifuata.

Amekufa, na mzee bado anauliza. Jikoni kwangu nasikia, "Sasa?" Anangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi, kisha nasikia anachochea moto.

Kisa cha mwaka huu ni deni. Benigna alipougua, rafiki yake Walburga Komba wa Mfaranyaki alimchinjia kuku wake wa mayai, akamletea supu siku tatu mfululizo. Pesa alikataa. "Utanilipa msokoto mmoja wa mkono wako ukipona," alisema. Hakupona. Kabla hajafa alimwambia mumewe, "Usisahau msokoto wa Walburga." Hayo ndiyo maneno aliyobaki nayo mzee. Watu wengine huachiwa nyumba.

Mwaka wa kwanza majani yalikauka yakawa yanavunjika, akayanyunyizia maji kwa mdomo, pfu, pfu, kama mpiga pasi wa zamani. Baada ya wiki moja yakaota kuvu, nyeupe pe. Mwaka wa pili akaogopa maji, akazidisha moto, akavuna vumbi. Akaona aibu, akanunua msokoto sokoni, akampelekea Walburga. Bibi yule akauweka puani mara moja tu, akaurudisha. "Shemeji, huu si wa Benigna. Mimi sina haraka."

Mwaka huu haraka imekuja. Mtoto wa Walburga anamchukua kwenda kuishi naye Nalasi, Tunduru, moja kwa moja, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane. Bibi ana miaka themanini. Akienda Tunduru hatarudi Songea. Mzee alikuwa na kamba kumi na mbili kibandani na wiki tano. Zikiharibika hizo, hakuna mavuno mengine.

Basi siku ile ya ugomvi nikajua atakwenda kwa balozi. Nikakosea. Hakwenda kwa balozi, alikuja kwangu, amepita mlango wa mbele kama mgeni, na kamba mbili mkononi.

"Ushahidi," akasema. "Hii ya upande wa mbali. Hii ya upande wako, tazama ilivyolowa."

Nikafuta mikono. Ile ya mbali niliigusa tu ikavunjika kama chapati iliyoungua. Ya upande wangu nikachukua jani moja, nikalikunja mara mbili. Benigna aliwahi kuniwekea jani kiganjani, zamani, akanifundisha, kupitisha muda tu: ukilikunja lisipasuke, ukiliachia lifunguke lenyewe polepole, lisigande mkononi, lakini ukivunja mshipa wa kati uwe unalia. Nikaliachia. Likafunguka polepole. Nikavunja mshipa. Ka!

"Mzee," nikasema, "hili halijalowa."

"Limelegea!"

"Limelegea ndivyo linavyotakiwa. Lisikie. Benigna alikuwa akikuambia uyaning'inize wapi mwishoni?"

"Huku wigoni," akasema. "Nilikuwa namwambia nafasi ipo kule ndani, anasema niache."

Hapo mimi nikakaa chini. Kwa sababu Benigna, miaka yote ile, alikuwa anakuja wigoni na kuniuliza, "Mama Careen, leo unapika?" Halafu haji kunywa, hatumi mtu kununua. Alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya, na mimi nikajua ananihesabia mapipa anisemee kwa Padri. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Unauliza kama nani?" Alicheka tu, akarudi kwake. Kumbe baridi ya mwezi wa saba ni kavu, upepo wa hapa unanyonya jani mpaka livunjike, na mwenzangu alikuwa anangoja mvuke wa pombe yangu uyarudishe majani yake taratibu, usiku mmoja, bila tone la maji. Angesema tu! Lakini kiongozi wa Jumuiya atasemaje kwamba tumbaku yake inaivishwa na komoni?

Mzee alikuwa ameshika lile jani, analikunja na kuliachia, analikunja na kuliachia.

"Hakuniambia," akasema. "Miaka arobaini na mmoja."

"Hukumwuliza. Ulikuwa unauliza 'sasa' tu."

Niliona limemchoma. Mdomo wangu huu. Akakusanya kamba zake, akafika mlangoni, akageuka.

"Unapika lini tena?"

"Ijumaa."

Ijumaa tulihamishia wigoni kamba zote zilizobaki. Nilichochea pipa mpaka macho yakawa mekundu, mvuke unavuka kama mawingu. Kwenye saa kumi na moja jioni nikamsikia, "Sasa?"

Sikupanga. Nikajibu, "Bado."

Nikadhani nimemkosea marehemu. Kisha nikasikia ng'ambo ya pili anasogeza kigoda, anakaa.

Asubuhi, jua halijagusa wigo, nikaenda nikakunja jani. "Sasa," nikasema. Tulisokota mpaka saa nne. Yeye hakusema neno ila kunikosoa: nimekaza mno, nimelegeza mno, mwanamke gani anayefunga kamba hivi. Wiki nne akawa anafungua chungu kila asubuhi, ananusa, anafuta jasho la jani, anafunga. Hakunilalamikia hata mara moja. Jogoo wangu akawika anavyotaka.

Ijumaa ya kuamkia safari tukaenda Mfaranyaki. Walburga alikuwa amekaa mkekani katikati ya mabunda yaliyofungwa, nyumba tupu inajibu sauti.

"Karibuni, shemeji. Hata kiti cha kukupa sina, kimeshafungwa."

Mzee akampa msokoto kwa mikono miwili. Bibi akaufungua, jani la mgomba akamrudishia, akakunja jani la tumbaku, akaliachia, akasubiri. Akavunja mshipa karibu na sikio. Akakata kipande kwa kucha, akakisaga kiganjani kwa kidole gumba, akavuta. Akapiga chafya tatu, machozi yakamtoka.

"Nani amekausha?"

"Mimi," akasema mzee.

"Mwongo."

"Mimi, na pombe ya huyu."

Walburga alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafunga msokoto kwenye upindo wa khanga, mafundo mawili.

"Kuku amelipwa, shemeji," akasema. "Benigna simdai tena."

Nilimtazama Mzee Polycarp nikitegemea atafurahi, maana agizo aliloachiwa na mkewe limekwisha. Alikuwa ameshika lile jani kavu la mgomba lililofungia msokoto, tupu, analikunja na kuliachia.