Meli ya Wageni Wasiolala

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ya kila siku ni kutoka kitandani hadi kwenye kigoda changu, na mke wangu Matika husema hata hiyo naifanya kwa kulalamika. Basi mkisikia nimefika Dar es Salaam na kupanda meli ya Ulaya, msidhani nilishikwa na hamu ya kuona dunia. Nilipelekwa. Na nimerudi na hasira ambayo sijapata mahali pa kuiweka, kwa hiyo naiweka hapa.

Akida, mtu wa serikali ya Wajerumani, alifika kwetu Makutupora mavuno yakiwa yanaingia ghalani. Alisema inakuja meli kubwa, imejaa Wazungu ambao hawaji kufanya biashara, wala kupigana, wala kuhubiri. Wanaizunguka Afrika yote ili kuitazama, na wanataka kuonyeshwa ngoma ya Wagogo.

"Kutazama nini?" aliuliza shangazi yangu, Mbeleje.

"Kutazama tu, mama."

"Wamepotelewa na ng'ombe?"

Watu walicheka, akida hakucheka. Alimtaka shangazi kwa sababu shangazi ndiye mwenye muheme, ile ngoma ambayo kwetu wanawake ndio huipiga, wakiwa wameibana kati ya mapaja. Na mwaka huu ilikuwa na kazi. Wasichana wetu walikuwa ndani wakifundwa, binti yangu Nyemo akiwa mmoja wao, nao hawatoki mpaka waitwe na ngoma ile ile iliyowatoa mama zao. Ngoma nyingine haiwatoi. Shangazi alikataa safari. Akida akasema vizuri, basi wanaume wote wa mji huu watakwenda kuvunja mawe ya reli. Shangazi akanitazama mimi, na tumbo langu, na mikono yangu ambayo haijawahi kulikosea jiwe lolote.

"Huyu atakufa siku ya kwanza," alisema. "Twende. Lakini ngoma nitarudi nayo."

Mimi niliwekwa mkalimani, kwa kuwa nilisoma shule ya serikali pwani na kutiwa Kijerumani kwa fimbo. Tulikuwa wanawake wanne, wanaume watano, na mimi ambaye Matika alikataa kunihesabu upande wowote.

Dodoma, asubuhi. Tulipakiwa kwenye behewa lisilo na paa, pamoja na ngozi za ng'ombe ambazo zilikuwa na nafasi kubwa kuliko sisi. Zamani nilipokwenda shule pwani nilikwenda kwa miguu, nyuma ya wapagazi, nikilia. Safari hii nilikwenda kwa gari la moshi, na cheche za moto zikanitoboa kanzu. Shangazi aliipakata ngoma kama mtoto mgonjwa. Nilimwambia aiweke chini apumzike.

"Wewe ukipumzika inatosha kwa ukoo mzima," alinijibu.

Kabla ya Gulwe, jua likiwa limeshatukaanga, tulizoeana na Salimu, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akirudi kazini. Kila meli ya namna hiyo ikitia nanga, wakala wake bandarini humwita akaoshe vyombo. Ni mtani wetu, hakungoja kukaribishwa.

"Nyie Wagogo mnapelekwa kuonyeshwa kama twiga," alisema. "Tofauti ni kwamba twiga hapandi garini na kibuyu cha mlenda."

Nilimwomba anieleze hiyo meli ni kitu gani hasa, nami nawapa kama nilivyopewa. Ni hoteli iliyotiwa majini. Wenye fedha wanalipa huko kwao mara moja, na tangu hapo hawafikirii tena. Wanalala humo, wanakula humo, hata nyama wamekuja nayo, imelala kwenye barafu. Juu kabisa wanakaa wakubwa, chini yao wasio wakubwa sana, na chini kabisa, mahali ambapo hakuna dirisha, wako watu wanaotia makaa ya mawe motoni ili huku juu upepo uwe mzuri. Bandarini wakala huwateremsha asubuhi, huwaonyesha soko, mnazi, mtu mweusi, kisha huwarudisha kula. Kesho bandari nyingine.

"Kwa hiyo hawalali kwa mtu?" aliuliza shangazi.

"Kwa mtu gani, mama?"

"Yeyote."

"Hawalali."

Shangazi hakusema tena mpaka tulipofika Kilosa, ambapo alisema, "Maskini."

Morogoro tulilala chini ya ghala la steshini, tukiumwa na mbu ambao Ugogo hatuna wa kiasi hicho. Kesho yake tukaingia Dar es Salaam. Bahari mmesikia habari zake kwa wengine; mimi niliitazama nikaona ni maji mengi mno kwa watu wasiofuga.

Bandarini, mchana. Meli ilisimama katikati ya maji, nyeupe, na madirisha mengi. Wakala alitupokea kwenye ghala lake. Alikuwa kijana wa Kijerumani mwenye suti iliyopigwa pasi vikali, na alipoona ngoma iko kwa wanawake uso ulimbadilika.

"Wapiga ngoma wako wapi?"

"Ni hawa, bwana," nilisema.

"Abiria wameahidiwa wanaume. Wanaume wenye mikuki. Mwambie huyu bibi ampe mwanamume ngoma."

Nilitafsiri. Shangazi aliuliza kama bwana huyo ana mama. Sikutafsiri. Nilisema tu kwamba haiwezekani, ngoma hiyo haishikwi na mwanamume, wala mimi. Mwishowe akaamua wanawake wapige wakiwa nyuma, na mbele wasimame wanaume wenye mikuki, wangurume. Mikuki ilinunuliwa sokoni, ya Wamanyema sijui, ya Wamasai sijui. Mkuki mmoja ulikosa mtu, nikapewa mimi. Nami, msomi wa shule ya serikali, nikavuliwa kanzu, nikavikwa ngozi ya mbuzi na manyoya ya kuku kichwani. Bado nilitakiwa kutafsiri. Ninaposikia watu wakisema elimu itatuinua, huwa nayahisi manyoya yale yakiniwasha.

Tukapandishwa. Abiria walikaa kwenye viti vya kitambaa, vikombe mikononi. Shangazi alikunja magoti kidogo kama kawaida, akaubana muheme, akaanza. Nisiseme uongo, sakafu ile ya mbao iliitika kama kifua cha mtu. Wanawake wakapokea, na hata wazee kati ya Wazungu wale waliacha keki zao. Nilidhani wameanza kusikia. Wimbo ulikuwa umefika pale ambapo mwimbishaji humtaja mwenye mji na kumshukuru, kengele ikalia. Kengele ya chakula. Wote wakasimama. Wote! Wimbo ukiwa mdomoni mwa mtu! Walikwenda kula wakizungumza habari nyingine, na shangazi akamalizia shukrani zake mbele ya viti vitupu, kwa sababu kwetu hakati mtu wimbo wa namna hiyo.

Kisha likafanyika jambo ambalo mtu wa Ugogo atalielewa bila kuelezwa. Kwetu ukipiga ngoma kwenye mji wa mtu, huondoki nayo. Unamkabidhi mwenyeji, inalala kwake, na asubuhi yeye mwenyewe anakuletea, na hapo ndipo mmeagana. Ukiibeba siku ile ile, umemwambia humwamini. Shangazi alimwendea mkubwa mmoja wa meli mwenye vifungo vya dhahabu, akampa ngoma kwa mikono miwili. Nikatafsiri, "Ilale kwenu." Yule mtu akaitikia kwa adabu, akacheka. Wala sikuona ajabu. Hao ndio wenye mji, sisi ndio wageni, ningewashuku kwa lipi?

Asubuhi, ufukweni. Tulioga, tukakaa kumngoja mwenyeji. Jua likapanda. Hakuja mtu. Aliyekuja ni Salimu, na kimtumbwi cha kubebea taka za jikoni, na safari hii hakuwa na utani.

"Ngoma yenu nimeiona. Iko chumbani kwa bibi mmoja wa juu kabisa. Yule mkubwa alimwachia wakala, na wakala amemuuzia."

"Ameuza nini?" alisema shangazi. "Imelala tu pale."

"Mama, kwa hao kilichoachwa kimeachwa. Na meli inaondoka maji yakijaa."

Nilikimbia. Narudia, mimi nilikimbia, na wanaonijua waliopo hapo nyumbani wanaweza kumwomba Salimu aape. Nilimkuta wakala ghalani akipanga vinyago vya kuuza kwa meli ijayo. Nikamwambia kwamba ngoma ile si mapambo, kuna wasichana wamefungiwa ndani, binti yangu mmoja wao, wanaingoja.

"Waliiacha," alisema bila kuinua macho.

"Waliwaamini!"

"Basi waache kuamini. Na wewe ukiendelea kupiga kelele utapata hamsa ishirini."

Mnaijua hiyo hesabu, ni viboko. Lakini nilipotoka nje nilikuta shangazi na wenzake watatu wameshaingia kwenye kimtumbwi cha taka, katikati ya maganda ya mayai.

"Unakuja," alisema shangazi, "au tutafute Mgogo mwingine?"

Niliingia, Salimu akapiga kasia. Ubavuni mwa meli kulikuwa na ngazi, na mwisho wa ngazi kibaraza kidogo karibu na maji. Wanawake wanne wakakaa pale. Hawakupiga kelele, hawakuinua mkono. Walikaa kama watu waliofika kwa mkwe na kukuta hajarudi kutoka shambani. Ngazi haikuweza kuvutwa. Mabaharia wakapiga miluzi, wakala akaja na boti ya moshi na wasimamizi wake wawili, akanitukana Kijerumani cha namna ambayo shuleni hatukufika.

Lakini hakuwagusa, na hapo nikaujua udhaifu wa biashara hii yote. Abiria walikuwa wamejaa ukingoni juu, wakitazama. Watu wale wamelipa ili wasione ubaya wowote, na mlango wa bandari ni mwembamba, maji yakishuka meli haipiti, italala Dar es Salaam bila hiari. Nahodha alitazama saa yake, akatazama maji, akatazama wanawake. Huko juu wakaanza kupiga makofi. Walidhani ni mchezo mwingine! Mmoja akarusha vipande vya sukari, vikamwangukia shangazi begani. Nilitamani kuzama, lakini kwanza niwazamishe wao.

Nahodha akateremka nusu ya ngazi. "Wanataka nini?"

"Ngoma yao, bwana. Waliwaachia usiku mmoja, ikauzwa."

"Nani aliiuza?"

Nilimwonyesha wakala kwa kidole, kidole changu hiki. Nahodha akatoa amri. Tukangoja. Juu nikasikia sauti ya bibi ikisema, kwa huzuni ya kweli kabisa, kwamba alikwisha kuifikiria na ua ndani yake, karibu na dirisha.

Ikateremshwa. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, na mikono ikapanda juu kuliko ilivyotegemea, kwa wepesi. Mguu wa ngoma ulikuwa umekatwa. Seremala wa meli aliukata kwa msumeno, vizuri, akausugua ukawa laini, ili ngoma ienee chini ya kitanda.

Shangazi alipapasa pale palipokatwa. Wanawake wakainuka, ngazi ikavutwa, meli ikapiga honi na kwenda kuwaonyesha watu wake Zanzibar.

Mimi nilipokelewa nyuma ya ghala la wakala. Sitaeleza. Itoshe kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma nilisafiri nimesimama, mimi mpenzi wa kigoda, na Salimu aliyetusindikiza steshini alinikabidhi mto wa majani akasema, "Chukua, mtani, utautazama." Nilicheka, nikaumia.

Dodoma, na nyumbani. Mnaniuliza nilijifunza nini. Nilijifunza kwamba kuna watu wanaweza kuizunguka Afrika nzima bila kufika mahali popote, na kwamba wapo wengine wanaopata riziki kwa kuhakikisha hawafiki. Meli nyingine zitakuja, maana biashara hiyo inakua, na akida ameshapita kuuliza kama tuko tayari. Nilimjibu mwenyewe, nimesimama mlangoni, kwamba kwetu hakuna ngoma ya kupelekwa, na kama ni mawe ya reli, anionyeshe yaliko. Matika alinitazama kwa muda mrefu. Mimi pia nilijishangaa.

Shangazi alisema wasichana hawawezi kukaa ndani mwaka mzima wakingoja mti wa kuchongea mguu mwingine ukauke. Siku ilipofika alipiga magoti kabisa, chini, mavumbini, maana ngoma iliyokatwa haibaniki kwa mtu aliyesimama. Akapiga hivyo tangu asubuhi, mwanamke mwenye umri ule. Zamani muheme huo, ungali na mguu wake, tuliusikia ng'ambo ya kilima, tukiwa malishoni, tukaacha ng'ombe tukakimbia. Nyemo akatoka, amepakwa mafuta, macho chini kama inavyotakiwa, akiwafuata wenzake.

Nilisimama nyuma kabisa pamoja na waliochelewa. Mama mmoja aliyetoka mbali alinigusa mkono.

"Baba Nyemo," alisema, "mbona kimya? Hawajaanza?"

"Wameanza zamani, mama," nilimwambia. "Sogea mbele."