Simu Isiyo na Tundu

Opereta wa ile ofisi ya ghorofa tatu alikuwa haoni tangu utotoni, na kwa miaka kumi na tisa hakuna simu iliyoingia katika jengo lile bila kupita mikononi mwake. Alijua nani kagombana na mkewe na nani anatafuta kazi kwingine kimyakimya. Yote aliyafungia kifuani. Ukimchokoza akupe umbea, anakuunganisha na namba isiyopokelewa.

Simu yake mwenyewe ilikuwa ya kuongea: akigusa kioo, sauti ya kike inamsomea kilichoandikwa. Ndiyo maana waya wa visikilizio haukumtoka sikioni. Aliyosomewa aliyasikia yeye tu. Wenzake walidhani anapenda muziki.

Simu hiyo ilipokufa, mdogo wake alimletea mpya. Opereta aliipapasa juu, chini, ubavuni, akarudia tena.

"Tundu la waya liko wapi?"

"Halipo, kaka. Siku hizi wameliondoa. Simu inakuwa nyembamba, maji hayaingii, na waya haukunasi kwenye kiti. Ni kwa faida yetu wateja."

"Nani kasema?"

"Si hao wenyewe walioitengeneza!"

"Ahaa. Wanakunyang'anya kitu, wanakuuzia kingine cha kuziba pengo, na wewe unashukuru. Hapo kuna namna, mdogo wangu."

"Basi nitakutafutia kile kiwaya cha kuunganishia visikilizio vyako vya zamani. Ila ukikichomeka kwenye tundu la chaji, huwezi kuchaji."

"Unaona?"

Mdogo wake alicheka, akamtia masikioni vidude viwili visivyo na waya. Kaka yake alikuwa mtu wa kutilia shaka kila kitu: lifti, dawa za mafua, na yeyote anayeanza maneno yake kwa "kusema ukweli". Lakini sauti ya vidude ilikuwa safi, na hilo opereta alilikiri kwa shingo upande.

Kumbe alikuwa na jambo zito zaidi la kumkosesha raha. Sikio lake la kulia lilikuwa limeanza kufifia. Mtu akimtajia namba, ilibidi amwombe arudie. Alikwenda kupimwa bila kumwambia hata mkewe. Opereta asiyeona, ofisi ilikuwa imemzoea. Asiyeona na asiyesikia, nani angemweka? Alitaka ajue ukweli yeye kwanza, ndipo aamue amwambie nani na lini.

Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, simu ilitetemeka mezani. Akagusa kioo. Vidude vilikuwa vimeisha chaji naye hajui, na ile sauti ya kike ikatoka kwenye spika, imenyooka kama ya mtangazaji: "Habari mzee. Majibu yametoka. Sikio la kulia limekwisha sana, na la kushoto limeanza kufuata. Njoo Jumatatu tuzungumze. Daktari."

Aliibamiza simu pajani, akaifunika kwa mikono yote miwili. Maji yalikuwa yameshamwagika.

"Nani yupo?"

Kisha akasikia, au alidhani amesikia, mlango ukirudishwa taratibu. Zamani angemjua mtu kwa hatua zake tu.

Mchana kutwa aliwapima wote. Mesenja alikohoa, akamshuku. Wawili walicheka kwenye korido, akawashuku. Katibu muhtasi alimletea maji asiyoyaomba, akayaacha palepale. Alimkasirikia mdogo wake, na zaidi yule mtu asiyemjua, aliyekaa mahali akaamua kwamba tundu halina kazi. Aliona aibu, na aliogopa.

Kesho yake asubuhi mhasibu alipita. Huyu bwana siku zote huongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Leo alisimama mbele ya meza, akainama hadi pumzi yake ikamgusa opereta shavuni, akatamka neno mojamoja kwa sauti ya kupita ukuta:

"Shikamoo... mzee... umeamkaje?"

"Marahaba," opereta akajibu.

Nyuma yake akaja katibu muhtasi, naye akapaza sauti. Kisha mesenja. Ilipofika saa nne, jengo zima lilikuwa likimpigia kelele.