Kiti cha Kukamia Ngamia

Hamdia hakuwahi kukisifu kitabu. Nilimfahamu kwa miaka minne, tangu niliporudi Isiolo na digrii yangu ya fasihi nikakosa kazi yoyote isipokuwa kupanga vitabu katika maktaba ya shule moja ya msingi huku Bulla Pesa. Kwa miaka yote hiyo sikumsikia akisema kitabu ni kizuri. Kikimpendeza sana alisema, "Kimepita."

Aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Gari lilipoleta mitungi kutoka malishoni, alifungua kila kifuniko, akanusa, akamimina kidogo kiganjani na kulamba. Maziwa yaliyochacha aliyatangaza kwa sauti pamoja na jina la mwenyewe.

"Haya ni ya Bule! Bule hajaosha mtungi tangu Idi."

Wanawake wenzake walicheka, na Bule, huko aliko na mifugo yake, alizipata habari hizo siku hiyo hiyo. Kazi ikipungua, kama saa nne hivi, Hamdia aliketi juu ya mtungi mtupu, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akasoma. Aliachia shule kidato cha pili, lakini alisoma kuliko wengi niliokaa nao chuoni. Alipenda aina tatu tu: hadithi za mapenzi, za vijana na za watoto. Za watu wazima, alisema, zinalia sana.

Kila Alhamisi nilimpelekea vitabu vipya na kuchukua vya zamani. Mimi si msemaji. Nilisimama kando ya mitungi nikasikiliza hukumu.

"Ubah, watu wa Nairobi hawaangalii mbele?" aliniuliza siku moja, kidole kikiwa katikati ya hadithi ya mapenzi. "Daktari na msichana wamegongana mlangoni, faili zimeanguka. Kila kitabu ni kugongana. Halafu ati macho yake ni kama asali. Mimi nimeolewa mara mbili na sikumbuki macho ya mtu. Nakumbuka miguu. Dullo, yule mume wa kwanza, alikuwa na miguu baridi kama ya maiti."

"Astaghfirullah, Hamdia!" akasema Abiba, jirani yake wa biashara, huku akicheka.

"Na mama mkwe ako wapi? Kurasa mia mbili, hakuna mama mkwe, hakuna shemeji anaomba simu, hakuna mtu anaugua tumbo. Hiyo si ndoa. Hiyo ni likizo."

Vitabu vya vijana alivichukia zaidi, kwa sababu vingi vya siku hizi vilikuwa vinatuhusu sisi.

"Hii ni ya tatu mwaka huu. Msichana wa kaskazini, miaka kumi na nne. Baba anataka kumpatia mzee wa meno mawili. Msichana anakimbia na daftari kifuani. Anapata mfadhili. Anakuwa rubani."

"Lakini mambo hayo yanatokea," Abiba akasema.

"Yanatokea. Yalimtokea dada yangu. Hakukimbia na hakuwa rubani. Alikufa akijifungua, na hakuna mtu ameandika hiyo, kwa sababu mwisho wake hauna mtu wa kupigiwa makofi." Akafunga kitabu, akanirudishia. "Lete ingine."

Kuhusu vitabu vya watoto alikuwa na neno moja. Alisema kila mnyama humo ni mwalimu mkuu. Kobe anafundisha subira, mdudu chungu anafundisha bidii, ndege anafundisha usafi, na mtoto wa watu amefanya kosa gani hata aadhibiwe hivyo?

Alivitukana vyote na akavimaliza vyote. Ndiyo maana shule ilimweka kwenye kamati. Kila mwaka shule yetu huchagua kitabu kimoja cha hadithi ambacho Gredi ya Pili watakisoma mwaka mzima, kila mtoto na nakala yake. Wachaguzi walikuwa watatu: Bi. Kagwiria, mwalimu mkuu. Mwongera, mwuza miraa, mwenyekiti wa wazazi. Na Hamdia, ambaye mjukuu wake alikuwa darasa hilo.

Mwaka jana Mwalimu Kaari aliamua kuwapelekea kitabu chake mwenyewe.

Kaari alikuwa mwalimu wa Gredi ya Pili. Alikuja kutoka milimani upande wa Meru miaka tisa iliyopita, akapanga chumba Bulla Pesa, akajifunza kusalimu kwa Kiborana na kujibu kwa Kisomali, na bado watu walimwita mgeni. Kitabu chake kilimchukua miaka sita. Kilimhusu Sabdio, msichana mdogo aliyebaki na ngamia mmoja mweupe baada ya mama yake kwenda kutafuta kazi na kutorudi. Michoro aliichora mwenyewe. Alikichapisha kwenye saiba, duka la kompyuta, akakibana kwa stepla, akanipa mimi kwanza.

"Wakikichagua," aliniambia, "hakuna mtu ataniambia tena nirudi kwetu. Mtoto akisoma kitabu changu na ajione humo, mimi nitakuwa wa hapa."

Nilifika ukurasa wa nne nikaona kosa. Sabdio alikuwa amevuta kiti kidogo, ameketi chini ya ngamia na ndoo katikati ya magoti, na ndama amefungwa mbali ili asisumbue. Ndivyo wanavyokama ng'ombe wa kisasa kwao Meru. Ngamia ni mrefu. Anayemkama husimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameukunja gotini, na chombo kimekaa juu ya paja. Na ndama lazima anyonye kwanza, la sivyo mama hatoi hata tone. Mimi nimekulia mjini na nalijua hilo. Lakini Kaari alikuwa ananitazama kwa tumaini kubwa mno, na nikaona haya kumsahihisha mwalimu.

"Michoro ni mizuri, Mwalimu," nikasema.

Alhamisi hiyo nikakipeleka sokoni pamoja na vingine.

Hamdia alifungua ukurasa wa kwanza kimya. Alipofika wa nne alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Kisha akasimama.

"Wanawake! Njooni. Kuna mtu amemletea ngamia kiti."

Akasoma kwa sauti, taratibu, kila neno na haki yake. Sabdio alivuta kiti chake kidogo. Akaketi chini ya ngamia. Abiba alianza kucheka kabla sentensi haijaisha. Mwanamke mmoja alivuta ndoo, akaketi juu ya jiwe, akakama hewa. Mwingine akawa ngamia, akamsukuma kwa nyonga mpaka akaanguka.

"Na ndama?" mmoja akauliza.

"Ndama amefungwa mbali. Ako boarding!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi ndiye niliyemwona Kaari. Alikuwa amekuja kununua maziwa, jagi mkononi, na alisimama nyuma yao hatua tatu. Nilitaka kusema kitu. Nikapanga vitabu mkononi.

"Salaam aleikum, Mama Abdikarim," Kaari akasema. Abdikarim ni mtoto wa kwanza wa Hamdia.

Kicheko kilikatika. Hamdia aligeuka, na hakukificha kitabu.

"Waaleikum salaam, Mwalimu. Ni wewe umeandika hii?"

"Ni mimi."

"Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Miaka tisa unakunywa maziwa yetu, na hujawahi kuuliza inatoka wapi."

Abiba alitazama chini. Hamdia alipokea jagi, akalijaza kwa uangalifu, akalirudisha. "Nenda mtaa wa Kiwanjani," akasema. "Ndugu yangu Huqa ana ngamia huko nyuma ya nyumba za mwisho. Mwambie nimekutuma. Uone kwa macho."

Kesho yake wanafunzi walikuwa na habari yote. Kaari alipoingia darasani alikuta kiti chake kimewekwa chini ya picha ya ngamia iliyo ukutani. Nje ya geti vijana wa bodaboda walimpigia kelele, "Mwalimu Kiti! Mtu wangu, leo unakama nini, twiga?" Alitabasamu. Alikuwa na tabasamu moja la kazini, na wiki hiyo alilivaa mpaka nikachoka kulitazama.

Lakini alienda Kiwanjani. Alienda Jumamosi nne mfululizo, nami nilimsindikiza kwa sababu nafsi ilinisuta. Huqa alikuwa mzee mkavu asiyependa maneno. Mara ya kwanza alimwachia ndama anyonye, akamsukuma kando, akampa Kaari chombo. Kaari alisimama kwa mguu mmoja, akayumba, akaanguka kifudifudi, na maziwa yote yakamwagika kwenye mchanga. Watoto wa boma walipiga mbinja. Mara ya pili ngamia alimkojolea kiatu. Mara ya nne alisimama. Alikama nusu ya chombo, mguu unatetemeka, jasho linamtiririka usoni, na Huqa akasema neno lake la kwanza la siku.

"Sawa."

Kaari alilia tukirudi, akasema ni upepo.

Akaandika upya. Kiti kikatoka. Ndama akanyonya kwanza. Sabdio akasimama kwa mguu mmoja, na Kaari akauchora vizuri kabisa, hata vidole vilivyobana mchanga. Alikuwa amekonda. Aliniuliza mara tatu kama kuna kosa jingine, na mara zote tatu nilitafuta kweli. Halikuwepo.

Kamati ilikutana Ijumaa asubuhi, darasani kwa Gredi ya Pili, maana Bi. Kagwiria alitaka wasikilize pamoja na watoto. Walikaa nyuma kwenye madawati mafupi, magoti yakigusa videvu. Kaari alisimama mbele na kusoma. Alisoma vizuri, sauti haikumtetemeka. Alifika ukurasa wa nne. Ndama alinyonya. Sabdio alisimama kwa mguu mmoja. Watoto walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza matangazo ya gwaride. Nusu yao wana baba au wajomba wanaokama hivyo kila siku. Mmoja alipiga miayo.

Kisha msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Teacher, na kiti?"

"Kiti hakuna. Nilikuwa nimekosea."

"Lakini tunataka ile ya kiti!"

Darasa zima likaamka. "Ya kiti! Ya kiti!" Walipiga madawati. Mjukuu wa Hamdia akapanda juu ya benchi akajifanya ngamia.

Bi. Kagwiria aliwanyamazisha, akawatoa nje, na watu wazima wakabaki.

"Mimi naona wazi," akasema Mwongera. "Arudishe kiti. Watoto watasoma wakicheka. Wenyewe wataanza kubishana, huyo ngamia angefanya nini. Hiyo ni elimu."

"Hapana," akasema Bi. Kagwiria. "Hatuwezi kuweka uongo kwenye kitabu cha shule. Kiende kilivyo au kisiende. Na kilivyo," akashusha sauti, "Kaari, samahani, kimepoa kidogo."

Wote wakamgeukia Hamdia. Kaari naye akamtazama, na usoni mwake niliona kwamba bado alikuwa anamwamini. Huyu ndiye aliyedai ukweli. Huyu ndiye aliyemtuma Kiwanjani.

Hamdia alishika nakala zote mbili, ya zamani na mpya, akazifungua ukurasa wa nne kwenye mapaja.

"Hii mpya haina kosa," akasema. "Ukurasa huu nimeuangalia mstari kwa mstari. Huqa mwenyewe angeweza kuandika hii, na Huqa hajui kuandika. Hakuna mtoto wa hapa anahitaji kuambiwa ngamia anakamwa vipi." Akainua ile ya zamani. "Hii ni upuuzi. Lakini tangu nianze kusoma vitabu vya watoto, hii ndiyo ya kwanza sokoni kwetu watu wameomba nirudie. Kura yangu ni kiti."

"Mama Abdikarim," Kaari akasema polepole, "watanicheka kila mwaka. Kila darasa jipya."

"Ndio, Mwalimu. Watakucheka. Ulitaka wasome kitabu chako ama ulitaka wakuheshimu? Mimi sijaona mtu akipata zote mbili."

"Naweza kutoa jina langu?"

"Hapana," akasema Mwongera kwa furaha. "Jina libaki. Si ni kitabu cha mwalimu wetu?"

Dirishani watoto walikuwa wameng'ang'ania nondo, wanachungulia. Nilijua angeweza kukataa, akavichukua vitabu vyake na kwenda chumbani kwake. Nadhani wote tulijua. Alitoa kalamu kwenye nywele, akachukua nakala mpya, akaufuta ule mguu mmoja kwa mistari miwili, na pembeni akaandika kiti.

Bi. Kagwiria aliandika kumbukumbu za mkutano. Mwongera alimpa Kaari mkono, akamwita mwandishi wetu, akaondoka kuwahi gari la miraa.

Hamdia alikuwa anakunja leso yake aende sokoni, Kaari alipomsogelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeomba kitu kidogo cha mwisho.

"Na ile sehemu ya mama yake? Sabdio anapomngoja barabarani, halafu anaanza kumsahau sura. Hiyo nilikaa nayo mwaka mzima. Wewe msomaji, uliionaje?"

Hamdia alimtazama. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hadanganyi kuhusu vitabu, hata pale uongo ungemgharimu pumzi moja tu.

"Sikufika huko," akasema. "Niliachia kwenye kiti."

Akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda. Kaari akakusanya nakala, akazisawazisha kingo kwa kuzigonga mezani, akawaita watoto waingie.