Bi Futi Agawa Daftari Lake

Bi Futi alikuwa ameshafunga kazi mara mbili, na mara zote mbili kazi ilimrudia mlangoni kama paka aliyetupwa. Mara ya kwanza aliponzwa na sare za kwaya. Mara ya pili ilikuwa suruali moja tu, tena ya kupunguza kiuno, na suruali hiyo ikazaa miaka minne ya kushona. Kwa hiyo aliposema kwa mara ya tatu kwamba mwisho wa mwezi anarudisha funguo za chumba, mtaa mzima ulimjibu kwa kicheko. Muuza viatu wa chumba cha pili alitoa kichwa nje na kumwambia, "Bibi we, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tutakuona hapa hapa."

"Hamtaniona," akasema Bi Futi, na futi yake ya kupimia ikiwa shingoni kama kawaida.

Safari hii alikuwa na ushahidi. Chumba kilishapata mpangaji, muuza simu aliyekuja mara mbili kuangalia soketi za umeme na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nyumba ndogo ambayo yeye na mumewe waliijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja, katika mji wa dada yake, ilikuwa imeshaezekwa. Lori lilikodiwa la Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mumewe, dereva mstaafu, alikuwa amefunga vyombo vyote vya jikoni kwenye maboksi isipokuwa sufuria moja na vikombe viwili, na kila jioni alikuwa na swali moja, "Mama, leo umepokea nguo?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu ambaye ameshawahi kuyafungua maboksi hayo hayo mara mbili.

Na tusidanganyane, Bi Futi hakuwa amechoka. Uzi alikuwa bado anautunga kwenye sindano kwa mkupuo mmoja, mbele ya mafundi wa umri wa wanawe wanaohangaika na miwani. Alitaka tu kuiacha kazi kabla kazi haijamwacha yeye. Alitaka kunywa chai ya asubuhi akiwa amekaa, mpaka iishe, bila mtu kusimama mlangoni na mfuko wa kitambaa.

Shida ilikuwa kukataa. Fundi cherehani hasemi hapana, husema "njoo kesho." Wateja nao si wajinga. Wanajua "njoo kesho" maana yake ni Ijumaa, na "imebaki vifungo tu" maana yake kitambaa hakijakatwa. Sasa fundi aliyezoeleka hivyo, siku akisema ukweli, nani atamwamini? Alipokuja mwenye duka la dawa na kitambaa cha suti, mambo yalikuwa hivi.

"Sishoni tena, baba. Nafunga."

"Sawa. Sema bei."

"Siyo bei, baba. Nafunga kweli."

"Nimekuelewa. Naongeza nusu."

"Hata ukiongeza..."

"Basi mara mbili, lakini niipate Alhamisi. We mama una roho ngumu!"

Bi Futi aliona kwamba kwa maneno hatoki. Ndipo akavuta droo na kutoa daftari la vipimo.

Daftari lenyewe lilikuwa nene, la jalada gumu, limefungwa kwa ukanda wa kitambaa kwa kuwa mgongo wake ulishaachia. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, kiuno, bega, mkono, urefu, na tarehe pembeni. Miaka thelathini na moja ya miili ya watu ilikuwa mle ndani, na hakuna aliyewahi kuoneshwa hata mstari mmoja, si wake wala wa mwenziwe. Bi Futi alijua mwenye duka la dawa anamwambia mkewe kwamba kiuno chake ni thelathini na sita. Alijua pia thelathini na sita hiyo ilikuwa ya lini. Siri hizo alizibeba bila kutangaza, na ukitaka kujua kwa nini wateja walimng'ang'ania, sababu ilikuwa hiyo kuliko hata mshono.

Akachana ukurasa wa mwenye duka la dawa, taratibu, kwa kutumia rula, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Huu ni wako, baba. Mpe fundi mwingine yeyote, hatakosea. Nakushukuru kwa miaka yote."

Mtu yule aliitazama karatasi, akamtazama fundi, kisha uso ukamshuka. "Kumbe kweli," akasema.

Dawa ikawa imepatikana. Midomo ya mafundi haina dhamana, lakini karatasi ikichanwa haijirudishi. Wiki nzima Bi Futi aligawa kurasa. Kila mteja alipewa shukrani na jina la fundi wa kwenda, na jina lilikuwa moja tu, Fundi Mkasi wa ng'ambo ya barabara. Walishindana naye miaka kumi na tano na hawakupendana sana, lakini mkono wake ulikuwa safi na Bi Futi hakuwa mtu wa kumpeleka mteja mahali pabaya ili tu ajisikie vizuri. Mkasi alikuwa na ila moja. Alipima kwa sauti. "Kiuno arobaini na nneee!" ungemsikia akimwimbia kijana wake wa kuandika vipimo, na mtaa wote ukapata habari.

Mama mmoja wa makamo alipopewa ukurasa wake, macho yalikwenda juu kabisa, kwenye kipimo cha kwanza, cha kabla ya watoto watano. Akakaa kwenye benchi. "Bi Futi, hiki kiuno kilikuwa changu mimi?"

"Chako, mwanangu. Nilikipima mwenyewe."

"Nampelekea baba watoto akione," akasema yule mama, akaikunja karatasi na kuitia kifuani huku akicheka peke yake.

Kufika Alhamisi mchana daftari lilikuwa limebaki majalada mawili na ukurasa mmoja. Bi Futi alijua ni wa nani.

Mwalimu alifika saa nane na kitambaa cha buluu mkononi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mwenye sauti ya kunyamazisha watoto sitini bila kupiga meza. Utotoni alianguka, bega lake la kushoto likapona vibaya, likashuka vidole viwili chini ya lile la kulia. Alipoanza kazi, alimjia Bi Futi akiwa na machozi ya hasira, kwa sababu darasa lilikuwa limeshampa jina la utani. Bi Futi hakusema pole. Alimpima, akaandika, kisha akamshonea gauni lenye kijimto cha pamba ndani ya bitana ya bega la kushoto, tabaka nne, na mabega yakalingana. Mwalimu akahama shule, na huko shule mpya hakuna aliyejua. Miaka ishirini na sita hakuna aliyejua, isipokuwa wao wawili.

"Nimesikia unagawa karatasi," akasema Mwalimu akikaa. "Yangu usinipe. Nimeteuliwa mkuu wa shule. Baada ya wiki tatu nakabidhiwa ofisi mbele ya wazazi, watoto, na wakubwa wa elimu. Nishonee hili moja, halafu funga."

"Hongera, Mwalimu. Hongera sana." Bi Futi alifurahi kweli, akamshika mikono yote miwili. Kisha akaiachia. "Lakini lori ni Jumamosi."

"Lori linasubiri."

"Limeshasubiri mara mbili."

"Sasa unataka niende kwa Mkasi? Anitangazie bega langu mpaka stendi?" Sauti ya Mwalimu ilipungua. "Bi Futi, wewe unajua. Bila wewe siwezi kusimama mbele ya watu. Siwezi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Gauni moja, siku nne za kazi. Angeweza kulishona akiwa amefumba macho. Mumewe angenung'unika, angefungua boksi moja la vyombo, na angesamehe. Halafu mwezi ujao Mwalimu mkuu angehitaji gauni la mahafali, na mwaka ujao jingine, na Bi Futi angezikwa na futi shingoni. Njia ya kutoka ilikuwapo, nayo ilikuwa kwenye ukurasa ule. Lakini kuutoa kulikuwa ni kukiri kosa, na kukiri kosa kwa mtu anayekuamini hivyo si jambo la kumeza kama maji.

Akachana ukurasa kwa rula, akampa. "Usome, Mwalimu. Wewe ni mtu wa namba. Tazama safu ya mwisho, iliyoandikwa mto."

Mwalimu akavaa miwani. Kidole kilishuka polepole. Nne, nne, nne, mwaka baada ya mwaka. Kisha mbili. Kisha mbili tena. Moja. Moja. Kisha sifuri, na sifuri, na sifuri, mpaka chini.

"Hii sifuri ni nini?"

"Ni pamba. Hakuna pamba."

"Kuna kijimto. Nakigusa kila asubuhi nikivaa!"

"Unagusa kitambaa nilichokikunja. Ndani hakuna kitu." Bi Futi alikuwa amesimama kama mwanafunzi. "Mwaka mmoja kazi ilinizidi, nikashona tabaka mbili badala ya nne. Nilikumbuka umeshaondoka. Siku tatu chakula hakikupita. Ukarudi, nikajua leo nimekwisha, ukaniambia, 'Hili limenikaa kuliko yote.' Unakumbuka? Nikajiuliza, bega lake analiona nani? Nikawa nakata bega la kushoto lifuate mwili wako badala ya kulijaza, na pamba naipunguza. Sasa ni mwaka wa sita huna kitu."

Mwalimu aliinuka akaenda kwenye kioo. Akajitazama bega la kushoto, akajitazama la kulia. La kushoto lilikuwa limeshuka, ndiyo, vidole viwili vile vile. Mtu anapokwenda kwenye kioo akiwa na uhakika wa atakachokiona, hukiona hicho hicho, na yeye miaka sita alikuwa akiona mabega yaliyolingana.

"Kwa hiyo nimesimama mbele ya watoto hivi hivi."

"Hivi hivi."

"Na hakuna aliyenicheka."

"Watoto hawana siri, Mwalimu. Wangekucheka ungesikia. Wanakuogopa tu."

Mwalimu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Aligeuka, na macho yake yalikuwa makali. "Kwa nini hukuniambia? Miaka sita nakuja hapa kwa hofu, nikiomba Mungu usiumwe, usihame, usife. Kwa nini?"

Bi Futi alikuwa na majibu mazuri matatu, yote ya uongo. Akayaacha. "Kwa sababu ungeenda," akasema. "Wateja wengine walinihitaji kwa nguo. Wewe ulinihitaji mimi. Nilipenda. Nisamehe."

Mwalimu aliukunja ukurasa mara mbili, akauweka ndani ya mkoba, akachukua kitambaa chake cha buluu. Bi Futi hakumzuia. Moyo ulimuuma, hakuna haja ya kuficha, ulimuuma kama wa mzazi, lakini chini ya maumivu kulikuwa na wepesi ambao hakuwahi kuupata siku alizofunga kwa uongo.

Mlangoni Mwalimu akasimama. "Hilo lori, Jumamosi, saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini Mwalimu, hata ukiniwahi siwezi kukusho..."

"Nani kasema kushona?" akasema Mwalimu, akashuka ngazi na kuvuka barabara na kitambaa chake, kuelekea kwa Mkasi, bega moja juu, moja chini.

Jioni ile mumewe alipouliza swali lake, Bi Futi alijibu, "Sijapokea," na mzee akaosha ile sufuria moja mwenyewe.

Jumamosi saa mbili na nusu, lori likiwa limeshapakiwa nusu, Mwalimu alitokea kwenye kona ya mtaa. Muuza viatu alimwona kwanza akapiga kelele, "Si nilisema? Huyo, kaleta kitambaa!" Bi Futi akageuka na kumwangalia mikono. Miaka ishirini na sita mwanamke yule hakuwahi kufika kwake bila mfuko. Leo alikuwa hana mfuko, hana mkoba, hana hata zawadi ya safari, jambo ambalo kwa mwingine lingekuwa aibu. Alikuja mikono mitupu mpaka pale lori lilipo, akamkumbatia fundi wake mbele ya mtaa mzima, na hakuwa na haraka ya kumwachia.