Sharti la Mjomba

Fundi wa mapazia alikuwa amechoka kuchezewa shere. Bibi yake alimrithisha cherehani, na ndani ya droo ya nyuzi akamrithisha jini. Familia nzima ilimwita Mjomba: mlinzi wao, na mtundu asiye na haya. Ukitamani kitu hukupa, ila kwa njia zake. Fundi aliwahi kutamani mumewe ashinde nyumbani walau wiki moja. Mume akateguka nyonga, akashinda nyumbani wiki sita, akilalamikia chumvi. Mlinzi gani huyo!

Ndiyo maana katika nyumba ile hakuna aliyetamani ovyo. Hata mtoto akitamani chai, alimalizia na sharti la bibi: "bila mtu kuumia." Wageni walidhani wamerukwa na akili.

Sasa kitindamimba wao, binti muuguzi, alikuwa amepata kazi mji wa mbali. Aripoti Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine. Fundi akasimama mbele ya cherehani, akatamka bila kukosea: "Natamani mwanangu aende akaanze kazi yake, bila mtu kuumia." Kisha akarudi kwenye pazia alilokuwa akilishona na kulifumua tangu barua ya kazi ilipofika.

Ijumaa zipu ya begi ikaachia meno yote. Jumamosi basi likazimika hatua chache kutoka stendi, abiria wakarudishwa makwao. Jumapili asubuhi, zikiwa zimebaki dakika arobaini basi la mwisho liondoke, kitasa cha chumba cha binti kikakwama naye yumo ndani.

"Mama, ni Mjomba huyu!" akapiga kelele, akigonga mlango.

Fundi akapandwa na hasira, akaipiga droo kofi. "Wewe Mjomba, huna hata chembe ya aibu? Miaka thelathini nakufuta vumbi, nakutia mafuta, leo unamfungia mwanangu kama mbuzi! Nimekosea neno gani? Si nimesema aende?"

Droo ikacheka. "Umesema bila mtu kuumia," ikajibu sauti ya mkwaruzo. "Kwani wewe si mtu?"

Hilo ndilo lililomkera Fundi kuliko yote, jini mzima kumwambia kweli nyumbani kwake.

"Mbea mkubwa!" akafoka. "Nani kakutuma uchungulie moyo wangu?"

Nyuma ya mlango, binti akaacha kugonga.

Fundi akafuta macho kwa ncha ya pazia. "Haya, sikiliza vizuri, maana sirudii. Natamani mwanangu aende, bila mtu kuumia." Akaiachia ncha ya pazia. "Isipokuwa mimi."

Kitasa kikafyatuka. Binti akatoka na begi lake lililofungwa kwa kamba, akasimama akimtazama mama yake.

"Mama..."

"Usinitazame hivyo," Fundi akasema. "Utachelewa basi."