Nilivyoitwa ukweni kuamua boksi lipi la medali ya babu ni orijino

Mbukwenyi wakuu! Wa Dodoma wameshaitika, wengine pokeeni kama salamu ya heshima.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Chumvi sijaongeza.

Naishi Nzuguni, kazi yangu ni ya ofisini kule Mtumba. Hobby yangu ni kukusanya vitu vya kale: sarafu, stempu, beji. Mke wangu anaziita takataka. Ila ukweni walishasikia kwamba "mkwe wetu ni expert", na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Babu wa mke wangu alikuwa keya, askari wa Mwingereza, akapelekwa mpaka Burma. Baadaye aliletewa medali, nyota ya shaba, ndani ya kiboksi cha kadibodi. Alipofariki, medali ilibaki kwa binti yake mkubwa, Shangazi Damari. Boksi halikuonekana.

Majuzi ukoo ukaamua medali akabidhiwe mmoja wa watoto wa kiume. Shangazi akasema, "Baba aliniambia boksi kampa anayetaka airithi medali. Aliye nalo alilete."

Yakaja mawili!

Moja la Baba Mdogo Elia, mkulima wa alizeti huko kijijini, mbele ya Kibaigwa. Jingine la baba mkwe wangu, Mzee Yohana. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa tu mimi najikuta nimekaa vizuri kwenye kiti.

Shangazi akanipigia simu.

"Mkwe, njoo utuamulie."

"Shikamoo shangazi. Jumamosi nina kikao..."

"Marahaba. Kikao chenyewe ndiyo hiki."

Nikaenda.

Nitoke nje ya mada kidogo. Kwa sisi wakusanyaji, medali yenye boksi lake ina thamani kuliko iliyo peke yake, ndiyo maana matapeli wanatengeneza maboksi feki. Boksi la kweli huchakaa kwenye kona na pale vidole vinaposhika. La feki huchakaa kote sawasawa, kama jeans iliyonunuliwa ikiwa imeshapauka.

Nilikuwa nimeazima dukani ile tochi ya kukagulia noti feki. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, ukizimulika zinawaka bluu. Za zamani haziwaki. Nikaomba chumba chenye giza, nikajifungia na maboksi yangu.

La Elia: giza tii. Ndani kulikuwa na alama hafifu za ncha za nyota.

La baba mkwe: nje kahawia, haliwaki kabisa. Nikafunua ndani, likawaka kama ukumbi wa harusi.

Wakuu, kwa mara ya kwanza maishani nilitamani bosi anipigie.

Nikatoka, nikayaweka mezani pale barazani. Nikaanza kuongea kama msemaji wa wizara: "Kwa hatua hii uchunguzi bado unaendelea, na pande zote zina hoja za msingi..."

Shangazi wala hakunisikiliza. Macho yake yalikuwa mezani.

"Yohana, mbona boksi lako linaingiwa na sisimizi?"

Kweli bwana. Msururu ulikuwa umepanda mguu wa meza, ukalipita boksi la Elia bila hata salamu, ukazama kwenye la baba mkwe. Shangazi akalinyanyua, akalinusa.

"Hii ni chai. Tena ina sukari!"

Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Kumbe ndiyo uliyoibeba ukasema unakwenda kunywea shambani!"

Kumbe mzee alilipaka chai boksi ili lionekane la kale! Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, mpaka nilipomwangalia mzee usoni.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema taratibu, "Mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Baba alipougua nilikuwa kazini mbali, Elia ndiye aliyemuuguza. Nilijua boksi liko kwake. Sikutaka ukoo uone kwamba mimi sikuachiwa kitu."

Kicheko kikakatika.

Elia akainuka. Tulidhani anaondoka kwa hasira. Akachukua medali kwa Shangazi, akaomba pini, akaibandika kwenye shati la kaka yake.

"Kaka, mimi nilipewa boksi kwa sababu nilikuwa karibu. Lakini kila jioni mzee alikuwa ananiuliza, 'Yohana amefika?' Ivae."

Baba mkwe alilia mbele yetu wote. Sikuwahi kumwona hivyo. Shangazi naye akajifanya anafukuza sisimizi.

Wakakubaliana boksi libaki kwa Elia na medali ikae kwa kaka yake, vikutane kila ukoo unapokutana.

Nilichojifunza: ukweni usikubali kuitwa expert. Halafu boksi lenyewe linaweza kukuonyesha kwamba ni feki, lakini kwa nini mtu amelitengeneza, hilo utamuuliza mwenyewe, tena kwa upole.

Wenye babu waliokuwa keya, nyumbani kumebaki nini? Tupieni picha tukague pamoja. Za wakwe zenu tu msiniletee.